Karatasi ya Dawa ya Josho

Nyangeta mjukuu wangu,

Hapa Bweri hatujambo. Mguu wa bibi yako umepona. Jana kapanda bodaboda mwenyewe hadi sokoni, na aliporudi alikutaja kabla hajatua kikapu.

Umeniuliza ujaze nini kwenye fomu ya chuo, kwamba Kijerumani unakijua kiasi gani. Mimi ujanani kule Butiama nilikuwaga najiona bingwa wa Kiingereza. Siku moja wazee wakanipa karatasi ya Kiingereza ya dawa mpya ya josho, ya kuogeshea ng'ombe, niwasomee. Nikaisoma yote bila kukwama, wakapiga makofi. Kisha baba mkubwa akauliza, "Haya, inasema tuchanganye na maji kiasi gani?" Nikaanza kuisoma upya kutoka juu, na ng'ombe wa kijiji kizima wamesimama wananingoja.

Jioni nikamweleza mama ile karatasi kwa Kizanaki chetu, mstari kwa mstari. Kila nilipokwama nikapiga alama. Nikaanza kujifunza kwenye zile alama.

Kwa hiyo usijaze bado. Chukua ukurasa mmoja wa Kijerumani, unipigie simu, unieleze kwa Kiswahili ukurasa huo unasema nini. Mimi sitajua umekosea wapi, ila wewe utajua.

Chagua ukurasa mrefu. Bibi yako hajasikia sauti yako tangu Pasaka.

Babu yako