Nje ya Mstari wa Chaki

4 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Umeamkaje huko? Na miguu, bado inavimba jioni? Mimi mzima, ila vidole vimejaa gundi, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Humu ndani kuna kadi. Usicheke kwanza. Hapa kwetu kwenye duka la uchapaji, mashine ya kukatia karatasi inaacha vipande vya karatasi ngumu, na bosi anavitupa. Nikajiuliza, hivi kipande kama hiki ukikikunja katikati, si kadi tayari? Nikakata ua kwenye blauzi yangu kuukuu, nikalibandika. Maneno sikuweka mengi. Tangu tumzike baba mdogo watu wamekupa pole mpaka nadhani umechoka nazo. Nilitaka tu asubuhi moja ufungue kitu kizuri.

Umeipenda? Umeiweka wapi? Na siku hizi unashona nini?

Mwanao,
Mama Maswali

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inanifikisha jikoni na kunirudisha. Wewe kula vizuri, karatasi hazishibishi.

Kadi yako ilifika imegandamana na bahasha. Ikabidi niishike juu ya mvuke wa birika kama mpelelezi. Nusu ya ua ikabaki kwenye bahasha. Nimecheka, mwanangu, nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Gundi ni ya watu wenye haraka. Nimelishona ua lako kwa sindano ya mkono na ninakurudishia ulione. Geuza nyuma, utafute fundo; hulipati. Siri yake ni kutoboa karatasi kwanza kwa sindano tupu, ndipo upitishe uzi, la sivyo inachanika. Na hilo ua ulilikata ukikimbizwa na mbwa?

Sishoni kitu. Nimepumzika.

Mama yako mdogo

1 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo tena. Natumaini umelala vizuri na joto limepungua.

Nimelitafuta fundo mpaka nikaazima miwani ya bosi. Umelificha wapi? Nakutumia kadi ya pili, hii nimeishona. Hiyo alama nyekundu pembeni si pambo, ni kidole changu.

Lakini mbona ulishona kwa mkono? Cherehani imeharibika? Nawakumbuka nyie wawili, baba mdogo kwenye meza ya dirishani na chaki nyuma ya sikio, wewe mlangoni na cherehani. Yeye anakata, wewe unashona, na siku nzima mnagombania redio.

Nakuuliza kwa sababu kaka amenipigia. Anasema mwezi wa tano atakuja kuichukua cherehani aiuze na akuhamishie kwake, maana imefunikwa shuka tangu msiba na mlango wa duka lenu haufunguliwi. Ndivyo unavyotaka, au ndivyo anavyotaka yeye?

Mwanao mwenye plasta kidoleni

30 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Hujajibu. Kama nimekukera, unisamehe. Leo nimejizuia, nina swali moja tu. U mzima?

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzima wa mwili, nashukuru. Hukunikera. Uliuliza jambo ambalo nimelikwepa hata mimi mwenyewe.

Cherehani ni nzima. Kuna mwalimu mmoja wa chekechea, aliagiza gauni la sherehe yake ya kustaafu. Kila akija ninamwambia cherehani imeharibika. Jana si akaniletea fundi wa cherehani, na mkoba wake wa bisibisi! Kaifungua, kaitia mafuta, kazungusha gurudumu, inateleza kama maji. "Mama, hii haina tatizo lolote," akasema. Nilitamani nijifunike lile shuka la cherehani. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Sherehe ni mwisho wa mwezi. Kama huwezi, niambie."

Ninaweza. Gauni lake alilikata baba yako mdogo wiki ile aliyougua. Vipande viko mezani alivyoviacha, vimekunjwa, na chaki yake juu. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Mimi, mwanangu, maisha yangu yote sijawahi kukata nguo ya mteja. Yeye alikata, mimi nikashona, ndivyo tulivyoishi. Nikilishona hilo gauni, hakuna tena kitu chochote duniani kilichokatwa naye kinachonisubiri. Nina hamu naye, na vile vipande ndivyo pekee vinavyonifanya niendelee kumngojea. Kaka yako akiichukua cherehani, labda ni afadhali.

Umeuliza, nimekujibu.

Mama yako mdogo

18 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole, hii nimeiandika kwa moyo wote. Barua yako niliisomea kazini nikalia mbele ya mashine, bosi akaja mbio akidhani nimekatwa kidole.

Sikwambii ushone. Hilo ni lako na lake. Ila unanijua, sitalala bila kuuliza. Baba mdogo alikuwa anakata juu ya mstari wa chaki au nje yake? Nauliza kwa sababu sasa nami nimeruhusiwa kukata. Bosi ananichorea mstari na kuniambia nikate nje yake, nibakize upana wa kidole, ili nikikosea yeye apate pa kurekebishia. Wale waliozoea anawapigia mstari na wanakata juu yake hasa. Nikawaza, na kwenye nguo je, ni hivyohivyo?

Kadi ya safari hii haina kitu. Nimekata karatasi na kuikunja, basi. Kitambaa utaweka wewe ukipenda.

Mwanao

9 Mei

Mama Maswali wangu,

Marahaba, marahaba. Hali yangu ni njema na nimekula leo mara mbili.

Swali lako lilinitoa kitandani. Nilijua jibu, lakini nikaenda kuvikunjua vile vipande nikavitazama upya. Alikata nje ya mstari, vidole viwili vizima, kila upande. Fundi wa kawaida anaacha kimoja. Miaka yote nilikuwa namgombeza kwa hilo: "Unapoteza kitambaa cha watu, wewe!" Naye hucheka na kunijibu, "Wewe shona." Nilidhani ni uzembe wake. Nilipoolewa naye mishono yangu ilikuwa inapinda kama njia ya mbuzi, na ndipo alipoanza kuniachia vidole viwili. Mimi nikawa fundi, nikasifiwa, nikamzidi hata maneno, na yeye hakupunguza. Mpaka gauni la mwisho alikuwa bado ananiachia mahali pa kukosea, na hakuwahi kunisema kwa mtu.

Nililia hapo mezani, halafu nikatoa shuka kwenye cherehani.

Mwalimu amevaa gauni lake. Alizunguka dukani kama msichana, watu wakasimama mlangoni kumtazama. Mmoja akauliza kama napokea kazi. Nikamwambia alete kitambaa chake, ila nitakuwa naenda polepole. Usiku ule nilikiogopa kitambaa hicho kabla hata hakijafika.

Kaka yako alikuja juzi na gari. Amerudi nalo tupu. Amenuna, atapoa.

Ninakurudishia kadi yako. Hicho kitambaa cha kijani ni kipande kilichobaki kwenye kitambaa cha gauni. Baba yako mdogo alianza kuchora mkono wa gauni hapo, akabadili mawazo, akauchora kwingine, kwa hiyo mstari ulibaki bila kukatwa. Mkasi wake ni mzito kuliko nilivyodhani. Utaona mwenyewe nilipoyumba. Chaki ni yake, usiipanguse. Kukata nimekata mimi, nje ya mstari, vidole viwili.

Mama yako mdogo, fundi