Vitabu Vimevaa Kaki

Bariadi, Jumanne usiku

Na mkuu wetu wa shule anajiita msomi. Leo tumepokea riwaya mpya na vitabu vya historia vilivyoandikwa na watu weusi, majalada yamejaa nyuso zinazofanana na za wanafunzi wetu. Mkuu akaamuru vyote vifunikwe kwa karatasi za kaki, kama madaftari.

"Mwalimu, kitabu bila kaki kinachafuka," akaniambia.

Sasa rafu nzima ya maktaba ni ya kahawia. Mabinti wa kidato cha pili wamepita, hawakugusa hata kimoja. Sijui nani atavisoma.

Kimoja tu rafuni hakikufunikwa, kitabu cha zamani chenye picha ya Mzungu na bunduki yake jaladani.

"Hicho kimeshachakaa, hakina haja ya kaki," mkuu akasema.

Ndiyo sura pekee iliyobaki kuwapokea watoto maktabani.