Swali Kabla ya Kijiti

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne, tarehe 11 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mama, ambaye yuko uani anaanua nguo na kila akipita dirishani anauliza kama nimeshamtaja. Nimeshamtaja. U hali gani huko? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa zile zamu za wodini umetulia? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Mguu wa mama unavimba jioni na kupungua asubuhi. Mimi mwili hauna neno, ila moyo siwezi kukudanganya.

Nianze na mgonjwa, maana najua umeruka mistari kumtafuta. Mdogo wetu Masihara ametolewa chumba cha uangalizi, sasa yuko wodi ya kawaida, kitanda cha dirishani. Figo bado zinasaidiwa na mashine mara tatu kwa wiki. Anatutambua sote na anakula uji akilishwa. Ukimuuliza jambo anafikiri kwa muda mrefu, kisha anajibu lile ulilouliza, sawasawa, bila nyongeza. Dada, hajatania hata mara moja tangu azinduke, na leo ni siku ya kumi na tisa. Mtu aliyemtania daktari wa meno koleo likiwa mdomoni! Jina la Masihara ulimpa wewe mwenyewe akiwa darasa la pili, na sasa nikimwita hivyo naona haya.

Siku ile ulipopiga simu ulikuwa na swali moja tu: mlimuuliza? Nikasema tulimuuliza. Ukashusha pumzi, ukasema basi, jua halina adabu. Hukuniuliza alijibu nini, nami nikashukuru kimyakimya. Nilikupa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza kabla hujajua unambembeleza nani.

Sheria ile uliitunga wewe, mezani petu, likizo iliyopita, tulipokwambia kwamba watu wanane tumeamua kuivuka nchi kwa miguu, kutoka mpaka wa magharibi hadi wa mashariki, kwa kupokezana kijiti kila kilomita kumi. Sisi tulikuwa tunabishana habari za viatu. Wewe ukasema jua likimpanda mtu kichwani, yeye ndiye wa mwisho kujua. Kwa hiyo anayepokea kijiti amuulize anayetoa swali moja jepesi, na asipojibu sawa hakuna kukimbia; alazwe kivulini, amwagiwe maji, gari lisubiriwe. Kila mtu akachagua swali lake. Mimi niliomba niulizwe mkate unakaa dakika ngapi kwenye tanuri, maana miaka kumi na minne ya bekari hilo naweza kulijibu hata nikiwa usingizini. Mwenzetu mmoja, kinyozi, akachagua idadi ya viti vya duka lake. Masihara akasema niulizeni mke wangu anafanya kazi gani.

Siku ya kwanza nikamuuliza, akasema kazi yake ni kunifokea. Tukacheka, kisha akajibu: mwalimu wa hesabu. Siku ya pili wifi akawa mkuu wa magereza na yeye mfungwa. Haya, mwalimu wa hesabu. Ikawa ndiyo desturi yetu, mzaha kwanza, jibu baadaye. Watu walikuwa wanagombea kumpokea kijiti ili wamsikie leo atasema nini. Mimi ndiye nahodha na ningeweza kukataza. Sikukataza, maana na mimi nilikuwa nagombea.

Siku ya tisa tulikuwa nyuma kwa saa tano. Gari lilikuwa limepasuka magurudumu mawili siku iliyotangulia, na pale mpaka wa mashariki tulikuwa tunasubiriwa Jumapili. Unanijua nikichelewa. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshawafokea wote saba, na dereva juu yao. Saa saba mchana dereva akaniteremsha peke yangu kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, kisha akaenda na wenzangu mji wa pembeni, nje ya njia yetu, kuziba gurudumu la akiba. Tulikubaliana kwamba atarudi kumchukua Masihara. Kwa hiyo pale hapakuwa na mtu ila mimi na chupa moja ya maji.

Nikamwona anakuja kwa mbali, anayumba kidogo. Nikasema amechoka, nani hakuchoka? Alipofika nikashika upande wangu wa kijiti, kile kipande cha bomba alichokikata mwenyewe kwenye karakana yake, nikamuuliza haraka haraka mkeo anafanya kazi gani. Akanitazama bila kutabasamu, kama afanyavyo siku zote.

"Mke gani? Mama kasema nimalize shule kwanza."

Nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka nikampiga bega. Na lile bega lilikuwa la moto na kavu, kavu kabisa, bega la mtu aliyetoka kukimbia kilomita kumi juani. Kiganja changu kilisikia. Mimi nilikuwa natazama saa. Nikachukua kijiti, nikamwachia chupa, nikamwambia kaa hapa kivulini, gari linakuja, mwehu wewe. Nikaondoka. Sikungoja nusu ya pili ya jibu.

Nilikimbia kilomita zangu zote kumi nikiwa nacheka peke yangu barabarani, nikiwaza nitakavyowasimulia wenzangu. Nilipofika na kukuta hakuna gari wala mpokeaji nilikasirika, nikaanza kupanga maneno ya kumpa dereva. Kumbe wakati huo wako njiani kwenda hospitali. Walimkuta baada ya dakika arobaini, amelala kifudifudi upande wa juani, na ile chupa imejaa vilevile nilivyoiacha.

Nilimweleza daktari, tukiwa wawili tu, nikamuuliza kama dakika arobaini zingebadilisha kitu. Akasema pengine, akaendelea kuandika. Angesema ndiyo ningejua pa kuuweka uzito huu, na angesema hapana vilevile. Hilo "pengine" nalala nalo na kuamka nalo.

Wenzetu sita walimaliza, walifika mpakani Jumatano badala ya Jumapili. Walileta medali mbili wodini. Yangu nimeitupa kwenye droo ya vijiko. Bekarini nikiingia wananipigia makofi, mikono yote unga, eti dada aliyekaa hospitali siku tisa bila kurudi nyumbani. Najisikia kuwaambia wanyamaze, lakini nikiwaambia wataniuliza kwa nini.

Aliyenimaliza kabisa ni wifi. Tangu mgonjwa ahamishiwe hospitali ya huku kwetu, kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni alikuwa ananiletea chai kwenye chupa, ananifunika kanga nikisinzia kwenye benchi. Akawa anasema, wifi, usingekuwepo ningekuwa mjane. Mama naye yuko pembeni, anaitikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilianza kuona kwamba chai ile ndiyo itakayoniumbua.

Jana nikapiga moyo konde. Nilimkuta kwenye korido nje ya wodi, anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nikakaa, nikamwambia yote: kwamba swali niliuliza, kwamba jibu halikuwa sawa, kwamba nilicheka nikamwacha peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu nyekundu juu ya daftari.

"Alijibu nini?"

"Wifi, acha tu."

"Nataka maneno yake. Yenyewe, kama alivyoyasema."

Nikamwambia. Mke gani, mama kasema nimalize shule kwanza.

Akacheka. Dada, alicheka kicheko chake kizima, kile cha kurudisha kichwa nyuma, mpaka watu wote wa benchi wakageuka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mumewe alazwe. Kisha kikakatika. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akanitazama juu ya vidole vyake kwa muda mrefu. Akakusanya madaftari, moja likaanguka, hakuliokota, akaingia wodini na kufunga mlango. Leo nimempigia simu mara tatu, hapokei.

Mama bado hajui. Nitamwambia leo hii akimaliza nguo zake, nisimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nisalimie shemeji, na watoto, na mwambie yule mkubwa kwamba barua yake ya michoro tumeibandika juu ya kitanda cha mjomba wake. Shangazi akipita kwako mpe heshima zangu. Mwenyezi Mungu akulinde na akutie nguvu kwa wagonjwa wako, ambao wana bahati kuwa na mtu anayengoja jibu.

Nina ombi moja. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi, hata kama ni kunigombeza, hayo yatanisubiri. Mpigie wifi. Mwambie wewe ndiye uliyeitunga ile sheria, kwa hiyo unajua. Mwambie kicheko chake hakina kosa. Chenye kosa ni changu.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda hata ukimkasirikia.