Mtu wa Nyuma ya Mibuni

Ijuganyondo,
Bukoba.
Jumanne, 3 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Protase,

Nakusalimu wewe, Stellah na watoto. Kwanza nataka kujua mgongo wako unaendeleaje, maana mara ya mwisho ulisema huwezi kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Dawa unakunywa, au umeziacha njiani kama kawaida yako? Sisi huku tunaendelea vizuri. Rutashobya aliugua malaria mwezi uliopita, lakini shemeji yako huyo humjui? Siku ya nne alikuwa shambani na jembe. Mama huko Ijumbi ni mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua asubuhi. Senene mwaka huu wameanguka wengi. Nimekukaangia kopo moja, nitalipeleka stendi pamoja na barua hii.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati juzi tu tumeandikiana kwenye simu. Sababu utaiona mbele. Ukimaliza kusoma, tafadhali usiandike neno lolote kwenye kundi la familia.

Mambo yenyewe yameanzia kwenye zile priseti zako za kurekebisha rangi za picha.

Unajua kwamba sendofu ya Hellen ilifanyika Ijumbi tarehe 16, kwa sababu kaka Philbert alitaka binti yake aagwe nyumbani kwetu, kwenye kibanja cha babu yake chenye migomba na mibuni. Nilikuambia pia kwamba umeme ulikatika kabla ya keki, tukaendelea kwa taa mbili za sola na taa za gari la Padre. Flashi ya kamera yangu ilishakufa zamani. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili, na nilipofika nyumbani nikazihamishia kwenye simu, nikakuta nusu yake ni giza lenye meno. Ndipo nilipokulilia, na wewe ukanitumia lile faili, ukasema kazi imekwisha, nitagusa mara moja tu.

Protase, haikuwa mara moja. Faili lilikuja limefungwa kama mzigo, simu ikaniuliza nilifungue kwa kutumia nini, nami sikujua. Nilipofanikiwa kulifungua nikakuta picha sita za madaraja na maghorofa ya Ulaya usiku. Nikadhani umekosea, umenitumia picha za mtu mwingine. Unakumbuka nilikuandikia kwamba picha ni nzuri, hapo ni wapi? Ulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshazifuta. Nani angejua kwamba rangi zenyewe zimebebwa ndani ya picha hizo, kwamba unaifungua picha ya daraja kwenye programu, unagusa vile vidoti vitatu, unahifadhi mipangilio yake kama priseti, halafu ndiyo unaivalisha picha yako? Uliponitumia tena nilifuata maelezo yako moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikazipa majina: Usiku wa Kwanza hadi Usiku wa Sita.

Hata hapo sikuelewa. Usiku wa Kwanza uligeuza anga kuwa zambarau. Wa Tatu ulifanya kanzu ya Padre kuwa ya kijani. Wa Pili ulikuwa na adabu: uliangaza nyuso na kuacha nyuma kama kulivyo. Wa Nne ndio ulionitoa jasho, maana huo huinua kila kilichojificha gizani.

Kuna picha moja Hellen aliiona kwenye kamera usiku ule ule, akaniomba nisiipoteze. Amepiga magoti mbele ya Mama, na Mama amemwekea mikono kichwani. Ndiyo pekee niliyoipata ya baraka ile. Niliivalisha Usiku wa Nne, na nyuma ya mabega ya Mama, upande wa jikoni, katikati ya mibuni, akatokea mtu. Amesimama peke yake. Mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto.

Wewe unajua ni nani katika nyumba yetu anayesimama hivyo tangu alipoanguka kutoka kwenye mparachichi.

Nilifuta priseti, mtu akapotea. Nikairudisha, akarudi. Nikajaribu Usiku wa Tano, nikapata kama kofia tu, pengine na bega. Nikavuta picha ikawa kubwa, na uso ukageuka kuwa punje za mchanga. Nilijiuliza, je, vitu hivi vinaweza kuongeza mtu? Nimesikia siku hizi kuna programu zinazotunga nyuso za watu ambao hawapo. Nilitaka kukuuliza siku ile ile, nikaogopa hata kuliandika jina lake. Miaka minane tangu ndugu yetu Evarist aende visiwani kuvua. Salamu zake ziliacha kuja. Tata alipofariki tulituma habari kwa kila mchuuzi wa samaki tuliyemfahamu, naye hakutokea, na wengine wakasema ziwa lilishamchukua. Kisha Philbert akasimama kaburini mbele ya watu wote na kusema kwamba mtoto ambaye hakumtupia baba yake udongo asikanyage tena kibanja hiki. Ulikuwepo, ulisikia.

Nilimwonyesha Rutashobya. Alivaa miwani, akatazama muda mrefu.

"Huu ni mgomba," alisema. "Majani makavu yamening'inia, unaona mkono."

"Na kofia?"

"Mama Ombeni, ukitafuta mtu gizani utampata."

Nikalala na maneno hayo. Asubuhi niliamini ni mgomba, mchana niliamini ni Evarist, jioni sikuamini kitu. Darasani niliandika ubaoni tarehe ya wiki iliyopita na wanafunzi wakanisahihisha. Huku Hellen ananiulizia picha kila siku, anataka kuzituma kwa ndugu wa mume kabla ya harusi.

Jumamosi nilipanda gari hadi Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Ijumbi. Nilimdanganya Mama kwamba nimekuja kuangalia miguu yake. Alipoingia ndani nilikwenda nyuma ya jikoni na simu mkononi, nikapatafuta pale mahali. Protase, pale hakuna mgomba. Kuna mibuni mitatu ya Tata na njia ya kwenda kisimani. Mgomba wa karibu uko hatua ishirini. Nilisimama pale nisijue hata nilikuwa nataka kuona nini.

Mama alikuwa ameshatoka, ananitazama.

"Unatafuta nini huko?"

Nilishindwa kudanganya mara ya pili. Nilimpa simu. Nilijua macho yake hayaoni vizuri, nikaanza kumweleza kwamba ni mambo ya rangi tu, kwamba wewe ulinitumia, kwamba huenda si kweli. Alininyamazisha kwa mkono. Akaisogeza simu karibu na uso, akaitazama kwa utulivu, bila kushtuka.

"Amekonda hapa kuliko alivyokuwa jikoni," akasema.

Nilikaa chini kwenye nyasi.

Alinieleza taratibu, kwa Kihaya, kama mtu anayeeleza habari za soko. Evarist aliingia jikoni umeme ulipokatika. Alikuwa amesikia huko kisiwani kwamba Hellen anaolewa. Alimbeba mgongoni mtoto yule alipokuwa mdogo, alitaka amwone tu halafu aondoke. Mama alimpakulia ndizi na maharage, akala amesimama. Habari ya kifo cha Tata ilimfikia baada ya mwezi mzima, na maneno ya Philbert yakamfikia yakiwa pamoja nayo. Ndiyo maana hakuja.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza. "Tumemlilia mtu aliye hai."

"Aliniomba. Amesema atakuja mchana, kabla mwaka haujaisha, aanzie kaburini kwa baba yake, kisha aende kwa Philbert kwa miguu yake. Nilimwambia nitasubiri."

"Na asipokuja?"

"Basi nitakuwa nimesubiri."

Nilihisi furaha, nilihisi pia hasira, na sijui hasira yenyewe ilikuwa ya nani. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba picha ile inakwenda kwa Hellen, na kutoka kwa Hellen inakwenda kwa Philbert.

"Philbert asimwone mdogo wake kwenye simu," alisema, "kama mwizi aliyenaswa. Amwone kwa macho. Hicho kitu chako kinaweza kumrudisha gizani?"

Nilimwambia kinaweza. Nilifuta Usiku wa Nne, nikaweka Usiku wa Pili. Uso wa Hellen ulibaki na mwanga, na mikono ya Mama pia, lakini nyuma yao pakawa peusi. Mama aliitazama picha hiyo kidogo, kisha akaniambia nimtoe tena gizani mara moja tu. Nikamtoa. Akapitisha kidole juu ya kioo na picha ikaruka, ikabidi nimtafutie upya. Safari hii hakugusa.

"Haya," akasema. "Mfiche."

Nikamficha. Picha za Hellen nimeshazikabidhi jana, na amefurahi. Philbert mwenyewe alinipigia kunishukuru, akasema ile ya baraka ataiweka sebuleni. Nilimjibu asante kaka, nikakata simu. Sijui kama nimelinda ndugu mmoja au nimemlaghai mwingine. Wewe ungefanyaje?

Sasa ninachokuomba si maelezo ya priseti. Harusi ni tarehe 28. Njoo kabla ya Krismasi, ukae Ijumbi mpaka mwaka uishe. Evarist akitokea, nisiwe peke yangu kati yake na Philbert. Wewe Philbert anakusikiliza, mimi ananiita mwalimu na kuendelea na yake. Asipotokea, tutakaa na Mama.

Msalimie sana Stellah, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Wabusu Mwesiga na Jovitha. Rutashobya anakusalimu, na Ombeni anasema shikamoo mjomba. Yeye hajui lolote kati ya haya. Mama anakuombea usiku na asubuhi. Mungu akunyooshee mgongo na njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Gaudensia