Taa za pembeni ya ngazi

Ijumaa, jioni

Tena wanasifu taa. Kila mutu anayekuja kwenye kilio cha marehemu mume wangu anashuka ngazi na kusema, "Mama, kwenu sasa panaangaza!" Ninajibu aksanti, lakini moyo unaniuma.

Shemeji njo alizifunga leo asubui. Alichomoa zile taa ndogo za volti kumi na mbili, zilizokufa ndani ya ukuta wa mawe, akaweka za mupya na kuvuta waya hadi kwenye batri ya sola. "Wageni wasianguke," akasema.

Wageni. Na mwenye nyumba je? Mwaka muzima alishuka ngazi hizi ndani ya giza, macho yamechoka, na sisi wote tulisema tutabadilisha taa mvua ikiisha. Mimi nilitangulia na toshi, yeye ameshika bega langu. "Polepole, Mama," alikuwa ananiambia.

Giza lilipoingia, nimejikuta nimesimama juu ya ngazi, toshi mukononi. Mawe yote yalikuwa yanaangaza mpaka chini.

Nimeshuka vile vile, polepole. Bega langu lilikuwa jepesi sana.