Swali Langu Kuhusu Safari ya Yona

Dada Akinyi,

Poleni na joto la Kisumu. Huku Kimulot nakuandikia nimejifunika blanketi. Jana mama mkwe wa binti yangu alinipeleka kwa kikundi chao cha Biblia. Wengi ni walimu wastaafu, na walibishana juu ya Yona hadi kwa Kiebrania! Nilijiona mdogo, lakini nikainua mkono, nikauliza:

"Mabaharia walitupa mizigo baharini. Walipofika, walimwambia nini mwenye mali?"

Kisha mzee mmoja akacheka: "Mama, hapo sijui!" Wakaanza kubishana upya, hadi chai ikapoa.

Jibu halikupatikana. Jumapili nitarudi. Wabusu watoto, dada, halafu uniambie: unadhani walimwambia nini?

Wako akupendaye,
Awuor