Tarumbeta Juu, Dripu Chini

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha karatasi moja kwa miaka thelathini na minane. Iko chini ya godoro hili, ndani ya bahasha ya eksirei. Ni ramani ya upakiaji wa meli iliyotupeleka ng'ambo, kwenye kikosi cha mataifa matano. Mbele ya tume iliyochunguza vifo vya vijana wetu niliapa kwamba imepotea.

Daktari amesema wiki mbili, labda tatu. Binti yangu ameninyang'anya miwani, ati nisichoke. Nisichoke! Huko niendako nitapumzika mpaka nikome. Naandika kwa miwani yake, aliyoisahau dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Kimeletwa kijitabu cha kumbukumbu ya operesheni. Jalada linang'aa kama kiatu cha kuruta. Ukurasa wa tisa picha yangu: "mhimili wa ugavi". Ukurasa wa kumi: vijana kumi na mmoja walikufa kwa kipindupindu "kwa uzembe wa mtunza bohari".

Uzembe! Tulimwita Kufuli kwa sababu hata pini haikutoka bohari bila sahihi. Tulimtania kwamba mkewe akitaka chumvi hujaza fomu nakala tatu.

Nikampigia simu Jenerali, aliyekuwa mkuu wetu. Ukurasa wa kumi ni uongo, nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee mwenzangu, marehemu hasomi vitabu. Ukifukua kaburi hilo, utanuka peke yako." Akakata. Mshenzi!

Jumatano, 5 Machi

Homa. Vijiko viwili vya supu. Hasira imenishibisha.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike sawasawa kabla mkono haujagoma.

Bandari ile ya ugenini ilikuwa na kreni moja. Kila taifa lilipewa saa sita za kuitumia. Usichoshusha ndani ya saa zako kinabaki tumboni mwa meli mpaka zamu yako irudi — siku tisa! Ndiyo maana Kufuli alipakia kwa kanuni yake: cha kwanza kutumika, cha mwisho kuingia. Dripu na dawa akaziweka juu kabisa.

Kisha mpango ukabadilishwa. Dawa zikaenda chini. Juu yakaja makasha ya bendi, sare nyeupe, na jukwaa la gwaride. Jukwaa lile la chuma peke yake lilikula saa mbili za kreni. Tukaingia kwa muziki, majenerali wa kigeni wakapiga makofi, saa sita zikaisha. Siku ya tatu kipindupindu kikapiga hodi kambini.

Na dripu zilikuwepo! Hema la jirani zetu, hatua mia mbili. Lakini kuazimana kulitaka sahihi tatu kutoka miji mikuu miwili. Vijana wanakauka machoni petu, sisi tunasubiri teleksi! Mataifa matano, mihuri mitano, akili hata nusu hakuna. Nilikwenda kwa mkuu wa bohari yao, nikamsihi. Akaniambia kwa upole nijaze fomu upya, ile ya kwanza ilikuwa ya mablanketi.

Amri ya kupangua shehena ilitoka juu. Ndivyo nilivyomwambia Kufuli gatini. Akauliza, "Ya maandishi, afande?" Nikamfokea asinifundishe kazi. Akapangua, akatia sahihi orodha mpya. Sahihi hiyo ndiyo tume iliyoikuta. Walimvua cheo mbele ya gwaride. Nilisimama safu ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba binti yangu amtafute mtoto wa Kufuli. "Baba, madeni gani haya ya uzeeni?" Nikamwambia atafute, asihoji. Ameguna, lakini amepiga simu.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja. Mwalimu mkuu, mvi zimemwanza kwenye paji. Kijitabu mkononi, ukurasa wa kumi umekunjwa. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kukujulia hali. Nimekuja kuuliza."

Akasema baba yake alimpangia hata sanduku la shule: taulo na sabuni juu, vitabu chini. "Mtu huyo ndiye aliyeweka dawa chini ya ngoma?"

Nikasema hapana. Nikatoa bahasha. Akaisoma ramani amesimama, akafuata kwa kidole mishale ya kalamu nyekundu: dawa chini, bendi juu. Mwandiko wangu. Nilidhani atanitukana. Heri angenitukana! Akasema tu kwamba kitandani, siku za mwisho, walimwuliza baba yao kwa nini hakunitaja kwenye tume. Akajibu, "Afande wangu naye aliamriwa. Ningemtaja, ningemwonea."

Ningemwonea!

"Basi niambie, mzee. Amri hiyo ilitoka kwa nani?"

Binti yangu akaingilia: mgonjwa apumzike, dada, rudi siku nyingine. "Baba yangu alisubiri mpaka akafa," akasema. "Mimi kiti kinanitosha." Yuko sebuleni. Nimeomba dakika tano na daftari hili.

Alhamisi niliandika humu kwamba amri ilitoka juu. Humu! Ambamo hakuna msomaji ila mimi! Miaka yote hii nimemtukana Jenerali kwa kosa ambalo hata hakulijua mpaka lilipokwisha kuua. Hakuuliza habari za bendi. Mimi niliona mataifa mengine yana tarumbeta, nikataka na sisi tusikike, nami nionekane ndiye niliyefanya tusikike.

Kiti kimelia. Nyayo ukumbini. Anagonga.

Hakukuwa na amri.